Nani alivuna "Dragostea din tei"? Uchambuzi wa kisa kimoja

Kabla ya kuanza

Msanii anatoa wimbo nyumbani kwao, unashika. Mwaka haujaisha, mtu mwingine anaurudia katika nchi ambayo yeye hajafika, na huko unapanda hadi namba moja. Je, ameibiwa? Kwenye mazungumzo ya wasanii na maprodyuza swali hili halikosekani, na mara nyingi hujibiwa kwa hasira kabla ya kujibiwa kwa hesabu. Nimechukua kisa cha wimbo "Dragostea din tei", Ulaya ya miaka ya 2003 na 2004, kwa sababu pande zote mbili, walioutoa kwanza na aliyeurudia, zilifanikiwa, hivyo tunaweza kuangalia nani alipata nini bila kwanza kuhurumia mtu.

Wanamuziki ninaowataja ni watu wa hadhara na majina yao yamo kwenye majalada ya diski. Mameneja, mawakili, watu wa studio na mashabiki nimewaacha bila majina. Kisa kinaeleweka bila wao.

Usuli

O-Zone lilikuwa kundi la Chișinău, mji mkuu wa Moldova, lililoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Mhimili wake alikuwa Dan Bălan, aliyetunga, aliyepanga muziki na aliyeimba. Mwenzake wa mwanzo alipoondoka, nafasi ilijazwa na vijana wawili, Radu Sîrbu na Arsenie Toderaș. Mwaka 2002 wakahamia Bucharest, Romania, kama msanii wa Kigoma anavyohamia Dar: lugha ni ileile, lakini redio, televisheni na pesa ziko huko. Romania ilikuwa na watu zaidi ya milioni 20. Hata hivyo, si Moldova wala Romania iliyokuwa ndani ya Umoja wa Ulaya wakati huo. Romania iliingia mwaka 2007. Wimbo uliovuma Bucharest ulikuwa bado nje ya mlango wa soko kubwa.

"Dragostea din tei" ulitoka mwaka 2003, ukiwa kwenye albamu yao "DiscO-Zone". Ni muziki wa dansi wa kielektroniki wa ukoo ule ambao Waitaliano na Wajerumani waliulea miaka ya 1990: biti ya moja kwa moja, sinthesaiza inayong'aa, kiitikio kinachorudi kabla hujakichoka. Inafaa kuusikiliza kwa makini mwanzo wake. Kabla ya neno lolote la Kiromania kuna sauti tupu, silabi zisizo na maana zinazobadilisha irabu tu, na mtu wa Osaka au Tandale anaweza kuziimba mara ya pili akizisikia. Kiitikio nacho kinapanda juu ya kodi (chords) nne za kinanda zinazozunguka, La ndogo, Fa, Do na Sol, na kipande kimoja cha maneno kinachokokotwa mara baada ya mara. Maneno yenyewe ni ya mtu aliyepiga simu kwa mpenzi anayetaka kumwacha. Mamilioni walioyaimba hawakujua hilo, na halikuwazuia.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema wimbo ule ulibahatika. Mtunzi aliweka sehemu mbili zisizohitaji lugha ndani ya wimbo mmoja. Video nayo ilikuwa nyepesi vilevile: vijana watatu wanacheza juu ya bawa la ndege, basi.

Mfuatano wa mambo

Tangu tarehe 1 Januari 2002, raia wa Romania waliruhusiwa kuingia bila viza, kwa ziara fupi, nchi za Schengen, zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao. Maelfu kwa maelfu walielekea Italia kutafuta kazi, na kokote watu waendako muziki huwafuata, kwenye kaseti za gari, kwenye diski za kunakili, kwenye sherehe za arusi.

Paula Mitrache alikuwa Mromania aliyeishi Italia. Kwa jina la kisanii la Haiducii, alirekodi "Dragostea din tei" upya. Hakubadilisha lugha, maneno wala melodia. Kilichobadilika ni sauti ya mwanamke mahali pa wanaume watatu, na upangaji wa biti uliolenga klabu za Italia. Gabry Ponte, DJ aliyejulikana kwa kundi la dansi la Italia, Eiffel 65, naye akatoa remiksi ya toleo hilo. Mwanzoni mwa 2004 Haiducii alikuwa namba moja Italia. Msikilizaji wa Milano au Napoli aliyeingia dukani kuuliza wimbo ule alipewa diski yake, na hakuwa na sababu ya kudhani kuna nyingine.

Lebo (kampuni ya rekodi) ya Kiitaliano ya Time ikauchukua wimbo wa asili wa O-Zone na kuutoa kwa soko la Ulaya. Kuanzia hapo matoleo mawili yalikimbizana nchi kwa nchi. Kuna mahali toleo la Haiducii lilitangulia, Sweden likiwa mfano, lilikoshika namba moja. Lakini kwenye masoko makubwa ya bara, O-Zone ndio waliochukua kiti: wiki 14 namba moja Ujerumani, wiki 15 Ufaransa, na kwenye chati ya pamoja ya Ulaya wiki 12 katika majira ya joto ya 2004. Uingereza, ambako wimbo usio wa Kiingereza hupenya kwa shida, walifika namba 3. Hispania wachekeshaji wawili wa Sevilla, Los Morancos, waliugeuza kuwa wimbo wa mzaha, nao ukavuma kivyake.

Yaliyofuata yalikwenda haraka na bila mpangilio. Mwishoni mwa 2004 kijana mmoja wa Marekani alijirekodi kwa kamera ya kompyuta akiufuatiza wimbo huo kwa midomo na mikono, video ikaenea duniani kabla YouTube haijazaliwa. Mwanzoni mwa 2005 O-Zone walivunjika. Mwaka huohuo Wajapani wakaupokea, safari hii kwa njia ya katuni ya paka iliyosambazwa mtandaoni, wakisikia maneno ya Kijapani ndani ya Kiromania. Katuni hiyo ilizua ugomvi wake yenyewe: paka alifanana mno na kikatuni ambacho watumiaji wa jukwaa moja walikihesabu kuwa mali ya wote, na ombi la kumsajili kama alama ya biashara liliondolewa baada ya watu kuja juu. Kundi lililokuwa likiuza Japani, kwa hiyo, halikuwapo tena.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza wa kuutazama ni wa Haiducii kubaki na Kiromania. Kibiashara ulionekana wa ajabu, kwa sababu Mwitaliano angeimba Kiitaliano kwa urahisi zaidi. Lakini kisheria ndio uliokuwa mwepesi. Katika sehemu kubwa ya Ulaya, wimbo ukishatolewa hadharani, leseni ya kurekodi toleo jingine hupatikana kupitia chama cha kukusanya mirabaha, SIAE kwa Italia, GEMA kwa Ujerumani, SACEM kwa Ufaransa. Lebo inajaza fomu, inatangaza idadi ya nakala, inalipa. Kwa kawaida hakuna anayemfuata mtunzi kumbembeleza. Ukibadilisha maneno au kuvunjavunja melodia, mambo yanageuka: hiyo ni kazi mpya iliyotokana na ya kwanza, na mtunzi anaweza kukataa au kutaja bei. Sisemi Mitrache alipiga hesabu hii. Nasema njia aliyopita ndiyo yenye vizuizi vichache kuliko zote, na muda aliouokoa ulikuwa na thamani.

Uamuzi wa pili ni wa upande wa O-Zone, kuutoa wimbo wa asili katika soko ambalo tayari lina toleo jingine juu ya chati. Lebo nyingi zingeona aibu kuingia nyuma. Zingetengeneza toleo la Kiingereza, au zingepeleka wimbo mwingine wa kundi hilo. Walioamua kutoa uleule walisoma jambo moja vizuri: toleo la Haiducii lilikuwa limethibitisha kwamba masikio yasiyojua Kiromania yanaupenda. Utafiti wa soko ulishafanywa, tena kwa gharama ya mtu mwingine.

Toleo la Kiingereza lilikuja baadaye. Mwaka 2005 Dan Bălan alitoa "Ma Ya Hi" pamoja na Lucas Prata kwa ajili ya soko la Marekani. Halikukaribia hata kidogo yale yaliyotokea Ulaya. Ukilisikiliza unagundua kwa nini. Maneno yanaeleweka, na yakieleweka yanakuwa ya kawaida.

Uamuzi wa tatu, wa kuvunja kundi wakati mahitaji yanapanda, nitaupita. Kundi huvunjika kwa mambo ya ndani, na kuyahukumu kwa kuangalia chati ni kazi rahisi mno.

Fedha zilipita wapi

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya nichague kisa hiki, nami nitakaa hapa kidogo.

Diski moja hubeba haki mbili. Kuna utunzi, yaani melodia na maneno, mali ya aliyetunga na mchapishaji wake, yaani kampuni inayosimamia tungo zake. Na kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa studio, mali ya aliyegharimia au aliyekubaliwa kwenye mkataba, mara nyingi lebo. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 inazitenga hata kwenye jina lake, Hakimiliki na Hakishiriki. Wasanii wengi wanalijua jina hilo bila kujua kwamba linasema pesa zina mifuko miwili.

Kwa diski ya bara la Ulaya ya wakati ule, fungu la utunzi lilikuwa karibu asilimia 9 ya bei ya jumla. Tuseme, kwa mfano tu, diski yenye wimbo huo pekee iliuzwa kwa duka kwa euro 3. Senti 27 zinakwenda kwenye utunzi. Ikiuzwa 100,000, hizo ni euro 27,000 za mtunzi na mchapishaji wake, wagawane kwa mkataba wao. Zinazobaki, baada ya kiwanda na matangazo, zinakwenda kwa mwenye rekodi, naye humpa mwimbaji asilimia waliyokubaliana. Marekani hesabu ni ya namna nyingine, kiwango cha kisheria kwa nakala, ambacho mwaka 2004 kilikuwa senti 8.5 za dola kwa wimbo wa kawaida.

Sasa weka majina. Diski ya O-Zone ikinunuliwa, Bălan analipwa mara mbili, kama mtunzi na kama mwimbaji, na wenzake wawili mara moja, kama waimbaji. Diski ya Haiducii ikinunuliwa, Mitrache na lebo yake wanalipwa upande wa rekodi, Bălan analipwa upande wa utunzi, na Sîrbu na Toderaș hawalipwi chochote. Kila mara klabu ya Rimini ilipopiga toleo la mwanamke yule na kulipa ada yake kwa SIAE, fungu la utunzi lilikuwa la mtu mmoja.

Kwa hiyo swali la nani aliibiwa lina jibu tofauti kwa kila mmoja kati ya wale vijana watatu waliocheza juu ya bawa la ndege. Kwa mtunzi, toleo la marudio lilikuwa chanzo cha pili cha mapato na tangazo la bure. Kwa wenzake wawili lilikuwa ushindani mtupu. Mijadala mingi kuhusu wimbo huu husema "O-Zone waliporwa" au "O-Zone walifaidika" kana kwamba kundi ni mtu mmoja.

Mwaka 2008 hesabu hiyo ilijionyesha wazi zaidi. T.I. na Rihanna walitoa "Live Your Life", na melodia ya "Dragostea din tei" imeshonwa ndani yake, mwanzo na kiitikio, Rihanna akiimba maneno mapya juu ya melodia ya Bălan. Wimbo uliruka hadi namba moja ya Billboard Hot 100, chati kuu ya Marekani. Hapa hakukuwa na leseni ya fomu, kwa sababu melodia ilikuwa imechukuliwa na kupewa maneno mengine, hivyo ilibidi mwenye utunzi akubali. Jina la Dan Bălan liko kati ya watunzi. Mwaka 2024 David Guetta na OneRepublic waliirudia melodia ileile ndani ya "I Don't Wanna Wait". Ndiyo biashara ya dansi ya siku hizi, melodia za miaka ya 1990 na 2000 zinachimbwa upya kama madini.

Kilichofanya kazi, kilichovuja

Kilichofanya kazi kwa O-Zone ni kuacha wimbo ulivyo. Kilichovuja ni muda. Kati ya wimbo kuvuma Romania na kufika kwenye maduka ya Italia palikuwa na pengo, na pengo hilo lilikuwa na watu ndani yake: wahamiaji waliokwisha kuupenda, na madijei waliokwisha kuusikia. Mtu yeyote mwenye studio angeweza kulijaza. Mwaka 2003 lebo ilitoa wimbo nchi baada ya nchi, kila nchi na msambazaji wake, na kundi la Bucharest lisilo na mkataba wa nje lilisubiri kutafutwa.

Kilichovuja kingine ni jina. Mirabaha ya utunzi hulipwa hata kama msikilizaji hajui wewe ni nani, lakini maonyesho hayalipwi hivyo. Promota wa Italia aliyetaka wimbo ule jukwaani mwanzoni mwa 2004 alimwita aliyemwona kwenye televisheni, na huyo alikuwa Haiducii. Ada ya jukwaani haina fungu la lazima kwa mwimbaji wa kwanza, na hapo hasara ya O-Zone ilikuwa ya kweli, ingawa hakuna chati inayoionyesha.

Kwa Haiducii hesabu ilikuwa kinyume. Alipata uso, jukwaa na diski, bila utunzi. Mwenye wimbo wa marudio uliovuma huanza upya kila mara anapotoa wimbo unaofuata, na nyimbo zake za baadaye hazikufika mahali pale. Nadhani lawama alizopewa zimezidi. Aliimba vizuri, aliuweka wimbo mikononi mwa watu waliouhitaji, na bila yeye sina uhakika lebo ya Italia ingekuwa na haraka ya kumtafuta nani aliyeuimba kwanza.

Waswahili hatuko mbali na jambo hili. Boney M., kundi la disko lililotengenezewa Ujerumani, lilitoa "Malaika" mwaka 1981, na mwaka 1983 likatoa toleo lake la "Jambo Bwana", wimbo wa Teddy Kalanda Harrison na Them Mushrooms wa Mombasa. Tofauti kati ya nyimbo hizo mbili inaeleza kisa chetu vizuri kuliko sheria yoyote. Kuhusu "Jambo Bwana" mtunzi anajulikana. Kuhusu "Malaika" bado watu wanabishana kama ni Fadhili William au Adam Salim, na kila toleo jipya la wimbo huo, la disko au la kwaya, huongeza pesa kwenye ubishi uleule. Bălan hakuwa na tatizo hilo. Lolote lililotokea Italia, jina la mtunzi lilikuwa moja na lilikuwa limeandikwa.

Kingebadilika nini leo

Pengo la miezi lisingekuwapo. Msambazaji wa mtandaoni anaupeleka wimbo Italia, Japani na Kenya usiku mmoja, na mwanamke wa Kiromania wa Milano angeweza kuusikiliza kwa sauti ya O-Zone wenyewe kwenye simu. Lakini toleo la marudio lingekuja kwa kasi kubwa zaidi: lililoharakishwa, lililopunguzwa mwendo, lililoimbwa na mtu jikoni kwake, mengine yakipata wasikilizaji kuliko la asili ndani ya wiki.

Mfumo wa kulipa haujabadilika sana, na ndipo wasanii wa kwetu wanapokwama. Msambazaji akipokea faili yako anaipa namba ya ISRC bila wewe kuiomba. Namba hiyo ni ya rekodi. Utunzi una namba yake, ISWC, nayo hutoka kwenye chama cha watunzi baada ya wimbo kusajiliwa pamoja na majina ya waliotunga na asilimia ya kila mmoja. Mwenye ISRC peke yake anajiona amemaliza, kwa kuwa wimbo uko hewani na takwimu zinasoma. Siku mwimbaji wa Stockholm atakapourudia, ISRC hiyo haitamletea senti, kwa sababu rekodi ni ya huyo mwimbaji. Kinachotafutwa hapo ni ile namba nyingine, na karatasi ya mgawo ambayo vijana waliokuwa studio usiku ule walipaswa kuitia saini kabla ya kutoka nje.